EL34 moja inakuwa nyekundu: ninunue seti nzima ya valvu za zamani, au kuna jambo la kupima kwanza?

Msikilizaji wa Buruburu

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri wenu kuhusu amplifaya ya valvu niliyoachiwa na mjomba wangu, ambayo hadi leo ndiyo tunayosikilizia santuri za rumba na benga hapa nyumbani. Ni ya stereo, ilitengenezwa Ulaya miaka ya 1960, na ina EL34 nne za nguvu, mbili kwa kila upande, ECC83 mbili na ECC82 mbili katika hatua za mwanzo, pamoja na GZ34 moja ya kugeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo wa upande mmoja. Nyuma yake pameandikwa 220 V, 50 Hz.

Ikishacheza kwa muda wa saa moja hivi, upande wa kulia huanza kukwaruza, na nikizima taa ya sebule naona bamba la chuma ndani ya EL34 moja likiwa na wekundu hafifu, mbali na ule mwanga wa rangi ya chungwa unaotoka katikati ya valvu zote. Muuzaji mmoja wa mtandaoni ameniambia kwamba valvu zote zimechoka na kwamba ninunue seti nzima ya Mullard za zamani, kwa bei ambayo ingeninunulia amplifaya nyingine ya kisasa. Kabla ya kutoa fedha hizo, ningependa kujua kama kweli tatizo ni valvu, ni valvu zipi zinazofaa kununuliwa siku hizi, na namna ya kuzitunza ili zidumu katika mazingira yetu ya Nairobi. Multimita ninayo, na kazi yangu inahusu umeme, ingawa si wa mashine za aina hii.

Fundi wa Ngara

Ndugu yangu, jambo la kwanza ni kwamba usiisikilize tena amplifaya hiyo mpaka uipime. Mwanga wa rangi ya chungwa ulio katikati ni wa hita, na huo ni wa kawaida kabisa. Bamba la nje, ambalo ndilo anodi, halipaswi kuwa jekundu hata kidogo. EL34 iliundwa ivumilie joto la wati 25 kwenye anodi. Joto likizidi hapo, gesi iliyonaswa ndani ya chuma huanza kutoka na kuharibu ombwe, mkondo huzidi kupanda, na mwishowe valvu huweza kuangamia pamoja na transfoma ya kutolea sauti, ambayo ni ghali na ni adimu kuliko valvu yoyote iliyomo humo.

Sikubaliani na aliyekuambia kwamba wekundu ni dalili ya uchovu. Valvu iliyochoka hupitisha mkondo mdogo kuliko inavyotakiwa, na utaijua kwa sauti iliyofifia, besi iliyolegea, au upande mmoja kuwa mnyonge kuliko mwingine. Valvu inayokuwa nyekundu inapitisha mkondo mwingi mno, na mara nyingi sababu ni moja kati ya mbili: ama ina hitilafu ndani yake, ama gridi yake, yaani waya wa ndani unaodhibiti mkondo, haipati volti hasi ya kutosha kuuzuia mkondo huo. Ikiwa tatizo lako ni hilo la pili, hata Mullard ya bei ya juu kiasi gani itaiva vilevile katika soketi hiyo.

Kwa hiyo pima. Amplifaya nyingi zenye EL34 nne na skrubu za kurekebisha biasi (hiyo volti hasi ya gridi) huwa na rezista ndogo kati ya kathodi (sehemu inayopashwa na hita ili itoe mkondo) ya kila valvu na ardhi ya saketi, aghalabu ya omu 10 au omu 1. Volti utakayoisoma kwenye rezista hiyo ndiyo itakayokupa mkondo: kwa omu 10, volti 0.4 ni miliampea 40. Soma pia volti ya anodi (pini ya 3), volti ya gridi (pini ya 5), volti ya hita (kati ya pini ya 2 na ya 7), na volti ya soketi ya ukutani kwa saa mbalimbali za siku. Chukua vipimo vya mkondo na vya gridi mara mbili, dakika chache baada ya kuwasha na tena baada ya dakika 20, na usiiache mashine bila kuitazama. Kisha izime, ipoe, badilishana EL34 mbili za upande wa kulia, na uangalie kama wekundu umehama pamoja na valvu au umebaki kwenye soketi ileile. Zoezi hilo la kubadilishana halina gharama, nalo hufanya kazi kwa valvu yoyote, kubwa au ndogo.

Naomba uyazingatie haya kwa dhati. Ndani humo mna zaidi ya volti 400 za mkondo wa upande mmoja, na kapasita kubwa hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Ziondolee chaji kupitia rezista, uhakikishe kwa mita kwamba zimeshuka, ndipo uguse kitu. Funga klipu za mita mashine ikiwa imezimwa, kisha washa, soma, na uzime, mkono mmoja ukiwa mbali na chasisi muda wote. Spika pia ziwe zimeunganishwa, kwa sababu amplifaya ya valvu ikipewa muziki bila spika, volti hupanda ndani ya transfoma ya kutolea sauti na huweza kutoboa insulesheni yake.

Santuri za Kilimani

Kaka, Fundi amekwisha kukuonyesha njia, nami nitajibu kuhusu uchaguzi, maana ndipo watu wengi wanapopoteza fedha.

Jina lililoandikwa kwenye kioo si ushahidi wa kiwanda. Mullard za asili zilitengenezwa Uingereza, nyingi katika kiwanda cha Blackburn. Valvu mpya zinazouzwa leo kwa jina la Mullard, pamoja na Tung-Sol, Electro-Harmonix na Sovtek, hutoka katika kiwanda kimoja cha mji wa Saratov nchini Urusi, kinachomilikiwa na kampuni ya Marekani iliyonunua haki za kutumia majina hayo. Sisemi kwamba ni mbaya. Baadhi yake nimezitumia na nimeridhika. Nasema tu kwamba usilipe bei ya Blackburn kwa bidhaa ya Saratov. Viwanda vingine vinavyojulikana ni JJ Electronic cha Čadca, Slovakia, na vile vya China vinavyotoa Psvane na Linlai. Mwaka wa 2022, Urusi ilipozuia bidhaa kadhaa kuuzwa nje, bei zilipanda kila mahali, na wauzaji wengi wakaanza kutoa vya zamani kutoka ghalani, vizuri kwa vibovu.

Ukiletewa valvu inayosemekana kuwa ya zamani na haijatumika, itazame kwa makini mchana, karibu na dirisha. Juu au ubavuni mwa kioo kuna doa linalong'aa kama fedha, ambalo ni bariamu iliyowekwa ili inyonye gesi inayobaki ndani. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu hiyo imekufa, hata kama sanduku lake ni jipya. Likiwa limesinyaa huku kingo zake zikiwa za kahawia na zinapitisha mwanga, huenda imetumika sana, ingawa hiyo pekee si hukumu, kwa kuwa ukubwa wa doa ulitofautiana hata siku valvu zilipotoka kiwandani. Maandishi ya rangi kwenye Mullard za kweli hufutika kwa urahisi, kwa hiyo usiyasugue. Tafuta namba ndogo zilizochorwa kwenye kioo chenyewe karibu na chini, kwa kuwa hizo hazifutiki, na herufi B ndani yake humaanisha Blackburn. Valvu nyingi ndogo za Telefunken za Ujerumani zina umbo la almasi lililofinyangwa kwenye kioo, katikati ya pini. Rangi ya sanduku haithibitishi lolote.

Zaidi ya hayo, dai vipimo vilivyoandikwa. Kwa EL34, taka jozi zilizolinganishwa, na muuzaji akuandikie mkondo wa kila moja pamoja na volti alizopimia. Tofauti ya miliampea chache si kitu ikiwa kila valvu ina skrubu yake ya biasi, lakini ikiwa skrubu moja inahudumia valvu mbili, basi ulinganifu unahitajika sana.

Maoni yangu ni kwamba fedha za vitu vya zamani, kama zipo, ziende kwenye ECC83 ya kwanza, ambako sauti ingali ndogo na kila mvumo hukuzwa na hatua zote zinazofuata. EL34 nunua mpya, imara, kutoka kwa muuzaji atakayekubali kuirudisha. Ndizo zinazoliwa na joto.

Fundi wa Ngara

Nakubaliana na dada hapo juu, ila niongeze onyo kuhusu kubadilisha aina, kwa sababu hapa karakana naletewa mashine zilizoharibiwa kwa njia hiyo. Majina ya Ulaya yana mpangilio wake: E ya mwanzo ni hita ya volti 6.3, G ni volti 5, CC ni triodi mbili ndani ya kioo kimoja, L ni pentodi ya nguvu, na Z ni ya kurekebisha mkondo. ECC83, ambayo Marekani huiita 12AX7, ina kipimo cha ukuzaji cha 100. ECC81 ina 60. ECC82 ina kati ya 17 na 20. Zote tatu zina mpangilio uleule wa pini, kwa hiyo moja itaingia mahali pa nyingine bila kuungua, lakini saketi ilikokotolewa kwa moja tu, na zile nyingine zitabadilisha ukuzaji na mikondo kwa namna ambayo mbunifu hakuikusudia.

E88CC nayo huingia katika soketi ileile ya pini tisa, lakini nyaya za hita yake si sawa, na hapo ndipo madhara yanapoanza. KT88 itakaa vizuri kabisa katika soketi ya EL34, ilhali inahitaji biasi tofauti. Hata GZ34 usiibadilishe kiholela na 5U4G, kwa sababu hita ya GZ34 huvuta ampea 1.9 na ya 5U4G huvuta ampea 3, na transfoma ya zamani huenda isimudu tofauti hiyo. GZ34 pia hupata joto polepole, hivyo volti kubwa haiwafikii wenzake kabla kathodi zao hazijawa tayari. Itunze hiyo uliyo nayo.

Msikilizaji wa Buruburu

Asanteni sana kwa majibu haya. Nimepima mwishoni mwa wiki kwa utaratibu mlionipa.

Umeme wa ukutani ulikuwa volti 238 saa moja jioni na 246 saa tano usiku. Vipimo vingine vyote nilivichukua usiku huo, ukiwa 246. Hita zinasoma volti 7.0 na anodi 465. Rezista za kathodi ni za omu 10. Upande wa kushoto nilipata miliampea 38 na 40, na upande wa kulia valvu ya kwanza ilikuwa na 39. Zote hizo hazikubadilika baada ya dakika 20. Ya nne ilianza na 44, na kufikia dakika ya 20 ilikuwa 61 na ikiendelea kupanda, nami nikazima. Gridi za zile tatu zinasoma volti hasi 36. Ya nne ilianza karibu na hapo ikapungua hadi hasi 31. Nilipobadilishana EL34 mbili za kulia, wekundu ulibaki kwenye soketi ileile, na valvu iliyohamishwa ilitulia vizuri mahali pake papya.

Fundi wa Ngara

Umefanya kazi safi. Valvu zako hazina hatia.

Angalia hesabu: miliampea 61 mara volti 465 ni zaidi ya wati 28, ilhali mwisho wa EL34 ni 25. Mkondo unaosomwa kwenye kathodi unajumuisha pia ule wa gridi ya pili, kwa hiyo anodi yenyewe inapata kidogo kuliko hapo, lakini bado imevuka mpaka. Zile nyingine tatu ziko karibu na wati 18, yaani takribani asilimia 70 ya kiwango cha juu, ambapo mafundi wengi hupenda kuziweka.

Kinachoharibu soketi ya nne ni volti ya gridi inayopungua kadiri joto linavyopanda, na mshukiwa wangu ni kapasita inayopitisha sauti kutoka hatua ya ECC82 kwenda kwenye gridi ya EL34. Kazi yake ni kupitisha sauti na kuzuia volti chanya ya upande wa pili. Ikizeeka huanza kuvuja, na volti chache chanya zinazopenya hutosha kuimaliza biasi. Ili kuthibitisha, ichomoe EL34 hiyo, iache soketi wazi, washa mashine bila muziki, na usome pini ya 5 kwa nusu saa. Volti ikiendelea kupungua hata bila valvu, ni kapasita. Ikitulia kwenye hasi 36, utazame upya soketi na valvu. Ikithibitika, usibadilishe moja tu. Zote nne zina umri mmoja. Weka za polipropilini za volti 630, zenye thamani ileile iliyoandikwa kwenye za zamani.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu lina uzito sawa na hilo, ni volti ya ukutani. Mashine iliyoundwa kwa volti 220 inapewa 246, na ndiyo sababu hita zinasoma 7.0 badala ya 6.3, ziada ya asilimia 11. Kathodi zinazopikwa hivyo huzeeka kabla ya wakati, na hakuna jina la valvu litakaloziokoa. Fungua uangalie transfoma ya umeme, kwa maana nyingi za Ulaya zina ncha za 240 ndani ambazo hazikutumiwa. Kama hazipo, fundi anaweza kukuunganishia transfoma ndogo yenye upande wa pili wa volti 24 na ampea 3, ikipingana na umeme unaoingia, ili mashine ipate takribani 222. Ifungwe ndani ya kisanduku chenye ardhi na fyuzi. Stabilaiza nzuri nayo inafaa, mradi iweze kutoa 220 na si 240.

Mzee wa Lang'ata

Nimesoma yote kwa furaha, wanangu. Niongeze machache kuhusu utunzaji.

Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo haibebi joto kwa wepesi uleule. Amplifaya ya valvu isifungiwe kabatini. Iachiwe nafasi ya wazi juu yake, na kitambaa cha mapambo kisiwe karibu nayo. Vumbi la msimu wa kiangazi liondolewe kwa brashi laini mashine ikiwa baridi. Soketi zisafishwe kwa dawa ya kusafishia swichi, kidogo tu, kwenye pini, kisha valvu iingizwe na kutolewa taratibu. Mkwaruzo mwingi unaolaumiwa valvu hutoka kwenye soketi iliyolegea. EL34 ishikwe kwenye kitako chake, isivutwe kwa kioo. Zile ndogo zivutwe wima, kwa kuwa pini zake zinapita moja kwa moja kwenye kioo na zikipindwa hukipasua.

Stima ikipotea, zima swichi ya amplifaya papo hapo, na usiiwashe mpaka umeme urudi na kutulia kwa dakika chache. Vile vifaa vya kukinga friji, vinavyosubiri kabla ya kuruhusu umeme tena, vinafanya kazi nzuri hapa pia.

Sipendi desturi ya kuiacha ikiwaka kutwa nzima eti sauti ipevuke. Nusu saa inatosha kabisa biasi kutulia. EL34 hudumu maelfu machache ya saa. Ukisikiliza saa tatu kila jioni umetumia zaidi ya saa 1,000 kwa mwaka. Valvu ndogo hudumu zaidi sana, na usizibadilishe kwa sababu ya kalenda. Ukishuku moja, igonge taratibu kwa penseli ya mbao: ikilia kwa nguvu kwenye spika kama kengele, ihamishe kutoka hatua ya kwanza, na mara nyingi itakuwa na miaka mingi ya kazi mahali pasipohitaji utulivu mkubwa.

Msikilizaji wa Buruburu

Nimerudi na majibu. Soketi ikiwa wazi, pini ya 5 ilishuka kutoka hasi 36 hadi hasi 32 ndani ya nusu saa, kwa hiyo kapasita zote nne zimebadilishwa. Ndani ya transfoma palikuwa na ncha ya 240 iliyofunikwa kwa utepe, nayo fundi wa mtaani kwetu aliiunganisha. Sasa, ukutani pakiwa na 244, hita zinasoma 6.4 na anodi 428. Nimeziweka EL34 zote nne kwenye miliampea 38, na baada ya saa mbili za muziki hakuna iliyoachana na wenzake kwa zaidi ya miliampea moja. Mkwaruzo umekwisha. Je, ile iliyokuwa ikiiva niiamini, au niitoe?

Fundi wa Ngara

Iache ifanye kazi, lakini iangalie. Pima mkondo wake kila wiki kwa mwezi mmoja, baada ya nusu saa ya kuwaka, ukiwa umeandika pia volti ya ukutani ya wakati huo, kwa sababu mkondo utafuata umeme. Ikibaki pamoja na wenzake, haina neno. Ikianza kupanda peke yake ilhali pini ya 5 imetulia, gesi imeingia, na hapo ununue jozi ya upande wa kulia, na ile nzima itakayotoka uihifadhi ndani ya sanduku ikiwa na vipimo vyake vimeandikwa.